Mtoto Aliyefichwa Nyuma ya Mashuka

Mama Emerensiana alimlaza mjukuu wake mapajani, akamfunua kitambaa, akamminya tako kwa vidole viwili. Ngozi ikabaki imesimama mahali pale alipoiachia, kama mfuko uliomwagwa unga. Akaminya upande wa pili. Ikawa vilevile.

"Romana," akaita bila kupaza sauti. "Weka huo ungo, mwanangu. Njoo ukae hapa."

Romana aliacha kupepeta mpunga, akaja akakaa kwenye mkeka huku anafuta pumba mikononi. Alijua anaitiwa nini. Kwa majuma matatu alikuwa anajua, na kila asubuhi alimvisha Anicet sweta kubwa ili watu wasione mikono iliyokonda.

"Ana miezi mingapi huyu?"

"Minane, mama."

"Anacheka?"

"Zamani alikuwa anacheka."

Mama mkwe akamfunika mtoto taratibu, akampangusa mate kwa ncha ya kanga yake. Mikono yake ilikuwa ya upole kuliko maneno yaliyofuata. "Huyu mtoto amebemendwa."

Kijijini Usevya hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa neno hilo. Baba na mama wakikutana kabla mtoto hajaacha ziwa, walisema wazee, joto lao huingia kwenye maziwa na mtoto hunyauka. Ni kosa la watu wawili. Lakini likishatamkwa, watu humtazama mmoja tu, yule mwenye maziwa.

Mume wa Romana, Kalisti, alikuwa amekaa kizingitini anachonga mpini wa jembe. Kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea kuchonga.

"Jumamosi nitachemsha dawa," alisema Mama Emerensiana. "Utakaa hapo mlangoni, utasema, utakunywa. Kisha tutamwosha mtoto. Mdomo usiposema dawa haifanyi kazi, hilo unalijua."

"Nitasema nini, mama?"

"Utasema ulilala na nani."

Romana akainua macho. Alidhani hakusikia vizuri. "Na nani tena, mama? Si na mume wangu?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe, mwanawe akatazama mpini. "Kalisti nimemuuliza juzi," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na uchovu. "Ameniambia tangu mtoto azaliwe hajakugusa. Sasa mimi nishike lipi, mwanangu? Nyie mnanichanganya."

Romana alimtazama Kalisti. Kalisti alipuliza vumbi la mti kwenye kisu, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kama mtu aliyesahau kitu huko.

*

Alimfuata jarubani alasiri ile. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, na ndege aina ya kweleakwelea walikuwa wanashuka makundi kwa makundi. Kalisti alikuwa anawafukuza kwa kombeo la udongo. Anicet alikuwa mgongoni kwa mama yake, mwepesi kiasi kwamba Romana mara kwa mara alipeleka mkono nyuma kuhakikisha yupo.

"Umemwambia mama hujanigusa."

"Aliniuliza ghafla, Mama Silvesta. Nilikuwa nakula," alisema Kalisti, akimwita kwa jina la kifungua mimba wao.

"Sasa huyu mtoto mimi nimembemenda na nani? Na kweleakwelea?"

Kalisti alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaacha. Akaketi kwenye tuta. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mrefu aliyependwa kwa sababu hakuwa na makelele, na aliyeaminiwa kugawa kila kilichofika kwa mafungu sawasawa. Mwaka uliopita, nyumba za kijiji kipya zikiwa ndiyo kwanza zimepangwa kwa mistari na kila mtu anamwona mwenzake akitoka na kuingia, alimsimamisha mwanakijiji mmoja, Damiano, mbele ya wazee kwa kosa hilihili. Alimwambia: mwanamume asiyeweza kungoja mtoto aache ziwa anashindwa hata na mbuzi. Watu walicheka sana. Damiano hakucheka.

"Nikisema ni mimi," akasema Kalisti, "Damiano atakuja kusimama pale barabarani anilie kama mbuzi. Nitaitisha kikao gani tena?"

"Na nisiposema ni wewe, mimi nitakuwa nani?"

Kalisti hakuwa amefikiri hadi hapo. Yeye alikanusha kama mtoto anavyokanusha kula sukari, hakujua kwamba sukari ile sasa itatafutiwa mlaji mwingine.

"Tuliamua wawili," Romana akasema polepole. "Ulilia wewe mwenyewe nilipomzaa huyu. Nililala kwenye kitanda cha kamba, damu inapita mpaka sakafuni, ukasema, basi, watoto watano wanatosha, sitaki kukuzika. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Nani aliyesikia kwamba Mpanda wanatoa vidonge vya uzazi wa majira?"

"Mimi."

"Nani aliyemchukua mtoto akamficha nyuma ya mashuka?"

Kalisti akafunika uso kwa viganja. Lile jambo, miezi mitatu nyuma, walilichekea njia nzima ya kurudi, wamebanana kwenye lori kama watoto walioiba miwa. Romana aliingia kliniki peke yake, matiti ameyafunga kwa kitambaa yasivuje. Nesi alimuuliza: "Unanyonyesha?" Na Romana akajibu: "Mtoto ameachishwa." Angejibu nini? Mwanamke anayenyonyesha akiomba vidonge vile ni kama amesimama sokoni akatangaza kwamba mumewe hajangoja. Wakati huo Kalisti alikuwa nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia, anatembea na Anicet katikati ya mashuka ya hospitali, anambembeleza asilie nesi asije akasikia.

"Nesi aliuliza," Romana akasema. "Siku zote hizi nawaza, kwa nini aliuliza? Maziwa yalianza kupungua nilipomaliza karatasi ya kwanza. Sijui kama ni vidonge. Sijui kama ni sisi. Sijui kama ni haya maji ya kisima kipya. Kichwa changu kimejaa, Baba Silvesta, sijui nimlaumu nani."

Ndege wakashuka tena. Safari hii hakuna aliyeinuka kuwafukuza.

*

Habari haikai ndani ya nyumba zilizopangwa mistari. Jioni ile jirani yao Specioza, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, alipita mara mbili mbele ya ua bila sababu. Mara ya tatu akaingia.

"Hodi. Nasikia Jumamosi kuna dawa hapa kwenu."

"Umesikia vizuri," alisema Romana.

"Mimi sisemi kitu, shoga yangu. Watu ndio wanasema. Wanamtaja hata fundi baiskeli wa Kasansa, yule anayepita na kofia nyekundu."

"Fundi baiskeli? Sisi hata baiskeli hatuna."

"Ndicho nilichowaambia!" Specioza alisema kwa ushindi. Kisha akatoa kibuyu kidogo chini ya kanga, akakiweka karibu na jiko bila kumtazama Romana usoni. "Maziwa ya mbuzi. Chemsha kwanza. Mpe kwa kijiko, kidogokidogo. Mimi wangu wa pili alikuwa hivihivi."

Akaondoka haraka, na kabla hajafika barabarani alishaanza kumwita mtu mwingine ampe habari. Ndivyo alivyokuwa Specioza. Mkono wake na ulimi wake havikuwahi kukubaliana.

Anicet alimeza vijiko vitano, akatapika viwili. Romana aliketi naye mpaka maziwa yakapoa, na hapo ndipo alipoamua. Aliingia ndani, akachomoa karatasi ya vidonge kutoka kwenye kibuyu cha mbegu za maboga, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Kesho lori la ushirika linapeleka mpunga Mpanda," akamwambia mumewe. "Nakwenda. Safari hii mtoto simfichi."

"Utamwambia nesi ulidanganya?"

"Nitamwambia."

"Atakugombeza mbele ya watu."

"Na anigombeze. Sijui kingine cha kufanya."

*

Asubuhi Romana alimwacha Kalisti anafunga kamba za viatu, anafungua, anafunga tena. Lori lilipokuwa linapakia magunia ya mwisho alitokea mbio, shati amelivaa nje ndani, akapanda nyuma. Dereva, mzee mmoja aliyeitwa Methusela, alimchungulia mtoto, akamwamuru kijana aliyekuwa amekaa mbele ashuke. "Mama mwenye mgonjwa akae huku. Wewe utakaa na mpunga, mpunga hauumwi." Akaendesha pole kwenye mashimo, na kila daraja alilopita aliuliza, "Kanyonya?"

Walifika Mpanda giza linaingia, wakalala kwa binamu wa Kalisti, na saa mbili asubuhi walikuwa kliniki. Benchi lilijaa akina mama na watoto. Kalisti alikuwa mwanamume pekee. Mama mmoja alimsogezea nafasi, mwingine akamnong'oneza mwenzake, wote wawili wakaangalia viatu vyake. Alikaa ukingoni kabisa, kama mtu anayetaka kuondoka. Romana aliona macho yake yanakwenda pembeni ya jengo, kwenye kamba. Mashuka yalikuwapo, yamejaa upepo.

"Nenda kama unataka," akamwambia kwa upole, maana hasira ilikuwa imemwishia njiani. Akamfungua Anicet mgongoni, akamweka mapajani mwa baba yake. "Mimi nitaingia. Mtoto yuko kwako."

Nesi aliitwa Pelagia, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alikuwa yuleyule. Hakumkumbuka Romana, alikwishaona wanawake wengi tangu hapo.

"Nimekuja kwa ajili ya hivi," Romana alisema, akafungua pindo, akaweka karatasi mezani. Nusu ya vidonge ilikuwa imebaki.

"Vinakusumbua? Kichefuchefu?"

"Hapana. Uliniuliza kama nanyonyesha. Mimi nikasema..." Alikuwa amejipangia sentensi nzima tangu Usevya, na sasa haikuwapo. Alibaki anaangalia vidole vyake.

Mlango ulisukumwa kwa mguu. Kalisti aliingia amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili, sweta limepanda, tumbo la Anicet liko nje.

"Nesi, huyu ndiye aliyekuwa ananyonya," akasema kwa haraka, kama mtu anayetupa mzigo kabla haujamshinda. "Tulikudanganya. Mimi ndiye niliyemshika kule nyuma, kwenye mashuka. Tuliona aibu."

Nesi Pelagia alimtazama baba, akamtazama mama, akanyoosha mikono. "Mlete kwanza."

Alimvisha Anicet suruali ya mzani, akamning'iniza. Mshale ulisogea kidogo ukachoka. Akaandika nukta kwenye kadi, chini kabisa ya mstari. Romana alingoja kugombezwa. Kalisti naye alingoja, ameinamisha kichwa kama siku ya kupewa majivu kanisani.

"Kila juma mnaniletea uongo huu," nesi akasema, na hakuwa na ukali. "Wote mnawaachisha watoto mlangoni kwangu. Mama, vidonge hivi nawapa walioachisha kweli. Vinaweza kupunguza maziwa. Ungeniambia, ningekupa kitu kingine."

"Kwa hiyo ni vidonge?" aliuliza Romana. "Siyo... siyo sisi?"

"Kulala na mumeo hakuharibu maziwa."

"Lakini mama mkwe..."

"Najua wanavyosema. Na mimi nina mama mkwe." Akamgeuza mtoto, akamtazama macho, akamminya tumbo. "Halafu anaharisha. Hata maji yana sehemu yake. Siwezi kukwambia hiki nusu, hiki robo. Acha vidonge. Mnyonyeshe kila akitaka na hata asipotaka, maziwa yatarudi. Uji tia karanga zilizotwangwa. Maji chemsha. Baada ya wiki mbili nimwone."

"Na mimba?" Romana alisema kwa sauti ndogo. "Walionizalisha walisema nikizaa tena nitakufa."

Nesi alifungua droo, akatoa pakiti chache, akaziweka mezani. Hakuzisogeza upande wa Romana. Alizisogeza upande wa Kalisti.

"Hii ni mipira ya kiume. Wewe umebeba mzigo huu miezi mitatu, mama, pumzika. Sasa ni zamu yake."

Alieleza kwa kutumia vidole vyake viwili, pole na wazi, kama anayefundisha kufunga bandeji. Kalisti alitokwa jasho mpaka kwenye nyusi. Nesi alipomaliza kueleza, Kalisti alikohoa.

"Nisaini wapi?"

"Husaini popote, baba. Unakumbuka tu."

"Kila mara?"

"Kila mara. Yeye alikuwa anakumbuka kila siku."

*

Lori liliwarudisha Jumamosi alasiri. Mama Emerensiana alikuwa tayari mlangoni, chungu kimetoka motoni, bakuli la mti liko pembeni. Specioza alikuwa amekaa kwenye kinu, anajifanya kuchambua mboga. Mizizi ilinuka mpaka barabarani.

"Mmekwenda bila kuniaga," alisema Mama Emerensiana. "Dawa inapoa. Romana, kaa hapo."

Romana alikaa. Hakujua kama anakaa kwa sababu anaamini au kwa sababu alizoea kutii. Maneno ya nesi yalikuwa kichwani na ya mama mkwe yalikuwa masikioni, na yote mawili yalisemwa na watu waliomshika mtoto wake kwa upole.

Kalisti hakwenda kizingitini. Alikuja akakaa kwenye mkeka, bega kwa bega na mkewe.

"Wewe, hapo ni pa mwenye kosa," mama yake akamwambia.

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Tulilala, mimi na yeye, hakuna mwingine. Tulikwenda kutafuta dawa ya majira ili asife, nikamficha mtoto, tukamdanganya nesi. Nawe nikakudanganya."

Specioza aliacha mboga. Mama Emerensiana alishika mwiko, akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

"Baba yako," akaanza. "Mtoto wangu wa kwanza, kabla yako, naye alikonda. Nilikaa hapo. Baba yako alikuwa amekaa kizingitini kama ulivyokaa wewe juzi. Anasuka kamba. Nikasema peke yangu, nikanywa peke yangu. Yeye akamaliza kamba yake."

"Mtoto alipona?" Romana aliuliza.

"Hakupona. Nikaishi miaka yote nikijua ni mimi." Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza kama chumvi ipo. "Sasa nesi anasemaje?"

"Anasema si kulala," alisema Kalisti. "Anasema ni vidonge, labda na maji. Hana hakika yote."

"Hana hakika." Bibi yule akatikisa kichwa. "Na mimi ndiyo usiniulize tena."

Kalisti alinyoosha mkono, akachota kwa bakuli, akanywa. Ilikuwa chungu hata akakunja uso mzima na kupiga goti kwa kiganja, na Specioza akacheka, akajiziba mdomo. "Leo balozi analia kama mbuzi mwenyewe," akasema, "Damiano hana haja ya kuja." Kalisti alicheka naye, machozi yanamtoka. Aliacha nusu, akampa mkewe bakuli.

Romana alilipokea. Alitazama ile dawa nyeusi. Nesi hakusema lolote juu ya mizizi, naye hakukumbuka kuuliza. Akaliinua.

Mkono wa mama mkwe ulilishika bakuli kabla halijafika mdomoni.

"Wewe usinywe," alisema Mama Emerensiana. Alilitoa bakuli mikononi mwake taratibu, akamwaga ile nusu chini, mchanga ukaifyonza. Kisha akamnyanyua Anicet, akamfungua sweta, akamweka kifuani kwa mama yake.

"Unanyonyesha, mwanangu," akasema.

Kalisti aliinuka, akauchukua ungo ulioachwa pale ukutani tangu siku ile, akaketi kizingitini, akaanza kupepeta mpunga vibaya, pumba zinamrudia usoni.